Mama na Watoto Katika Njia ya Msafara

Ndugu wanafunzi wa darasa la Miono, nanyi wa Mandera, Mkange na Saadani, na wengine wote mnaotusikiliza, hili ni somo letu la historia. Wenye karatasi ya somo hili mkononi, fuateni kwa macho ninaposoma. Nitasoma polepole. Ukikuta neno gumu, liwekee alama kwa kalamu, umwulize mwalimu wako baadaye.

Kwanza nina swali. Mgeukie jirani yako umwulize hivi: Mara ya mwisho ulitembea porini kwa miguu pamoja na mkeo au mumeo na watoto wako, mwendo wa zaidi ya saa moja, ilikuwa lini? Sisemi kwenda shambani. Sisemi kupeleka mgonjwa zahanati. Nasema kutembea tu, kuitazama nchi yenu.

Nawangoja kidogo.

Nilipouliza swali hili katika darasa moja, mzee mmoja alicheka sana. Akasema, "Bwana, mtu anatembea bila shughuli? Huyo amekosa kazi." Na mama mmoja akamjibu, "Sisi tumekwisha kutembea vya kutosha, miguu yetu ni shahidi." Wote wawili walisema kweli. Mtu aliyechota maji mbali tangu utoto wake hawezi kuona kutembea kuwa mchezo. Hata hivyo nataka leo mjue habari moja ambayo vitabu vingi vya shule viliipita haraka. Njia za pori letu hazikutembelewa na wanaume wenye bunduki na wasafiri wa Ulaya peke yao. Zilitembelewa na jamaa nzima, mama na watoto wao.

Itazameni nchi yenyewe kwanza. Barabara yatoka Mandera, yapita Miono na Mkange, yafika Saadani ufukoni. Mto Wami uko upande wa kusini. Katikati ya njia hiyo nchi hubadilika mara kwa mara. Kuna mahali pa miti mikubwa iliyosongana, kama msitu wa Zaraninge, ambako mbega weusi na weupe huruka matawini. Kuna pori la miti ya kadiri, penye mipingo na mikwaju. Kisha kuna mbuga, yaani nchi ya wazi yenye majani marefu na udongo mweusi. Wakati wa kiangazi udongo huo hupasuka nyufa hata mguu wa mtoto waweza kuingia. Wakati wa masika hushika kiatu, nawe ukivuta mguu, kiatu hubaki. Hakuna asiyejua jambo hilo huko kwenu. Nalitaja kwa sababu wasafiri wa zamani nao walililalamikia sana katika vitabu vyao, na mimi hufurahi nikiona kwamba Mzungu mwenye vyombo vyote na mama wa Mkange mwenye kata na mtungi wamelaani matope yale yale.

Sasa tuulize: Kwa nini watu walitembea kwa miguu? Kwa nini mizigo haikubebwa na punda, au kukokotwa na ng'ombe, kama katika nchi nyingine? Jibu ni mdudu. Ni mbung'o. Katika pori la pwani mbung'o waliwauma wanyama, na wanyama wakafa. Mwaka 1876 mmisionari mmoja wa Uingereza, jina lake Roger Price, alijaribu njia itokayo Saadani kwenda Mpwapwa akiwa na ng'ombe wachache. Alifika salama akarudi, akadhani njia ya magari imepatikana. Mwaka uliofuata, 1877, akaja na wenzake, pamoja na magari na ng'ombe wengi. Ng'ombe wakafa njiani mmoja baada ya mwingine. Magari yakaachwa, na wamisionari wakafuata desturi ya nchi: wakaajiri wapagazi. Mimi naona mdudu huyu aliamua mambo mengi ya historia yetu kuliko wakubwa wengi wanaotajwa vitabuni.

Basi mpagazi ndiye aliyekuwa gari la nchi hii. Mpagazi ni mtu abebaye mzigo kwa ujira. Mzigo wake ulikuwa kama frasila mbili, karibu kilo 30, juu ya posho yake, mkeka wake na chungu chake. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi kutoka bara, na kwao kazi hii ilikuwa heshima. Wasafiri waliandika kwamba watoto wa kiume wa Kinyamwezi walianza kubeba kipande kidogo cha pembe begani wakiwa bado wadogo sana, ili wazoee. Walishuka pwani na pembe za ndovu, wakarudi bara na nguo, shanga na waya. Safari kutoka Bagamoyo hadi Tabora ilichukua miezi miwili au mitatu.

Msafara ulikwendaje? Hapa tukae kidogo, maana jambo hili lina faida kwetu hata leo.

Waliamka kabla ya jua. Mtu wa mbele aliitwa kirangozi. Neno hili ni ndugu wa neno letu "kiongozi". Alichukua bendera, mara nyingi ile nyekundu ya Sultani wa Unguja, akavaa kitambaa chekundu na manyoya kichwani, na pengine ngozi ya mbega mabegani. Hakuna mtu aliyeruhusiwa kumpita. Nyuma yake watu walifuatana mmoja mmoja, kwa sababu njia ilikuwa nyembamba, upana wa miguu tu. Tena haikunyoka. Mti ukianguka, watu hawakuukata. Waliuzunguka, na mzunguko ule ukawa ndiyo njia. Mti ukaoza, ukatoweka, lakini njia ikaendelea kuzunguka mahali pasipo na kitu. Nyuma kabisa alikaa mnyapara, ili mgonjwa au mvivu asiachwe porini.

Kirangozi akifika penye njia panda, alikata tawi la majani akaliweka kukingama kwenye njia isiyo yake, au alichora mstari kwa mguu mavumbini. Watu wa nyuma, hata wakiwa mbali naye, waliona alama wakajua: tusipite hapa. Wanafunzi, hayo ni maandishi. Watu ambao vitabu viliwaita wasiojua kusoma walikuwa wakisoma njia kila siku.

Mwendo uliisha kabla ya jua kuwa kali, kama saa nne au saa tano. Wakatua mizigo, wakapiga kambi, wakatafuta maji na kuni. Sasa, nani alichota maji yale? Nani alipika? Nani alijenga vibanda vya majani?

Hapo ndipo tunapowaona mama na watoto. Wapagazi wengi hawakuacha jamaa zao nyumbani. Mke alifuata, mtoto mgongoni kwa mbeleko, vyungu na mikeka kichwani. Wako wanawake waliobeba mizigo ya kuajiriwa kama wanaume, na wako waliofanya biashara ndogo kambini. Msafiri Stanley alipotoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874, katika safari iliyomfikisha hata mdomo wa mto Kongo, msafara wake ulikuwa na watu 356. Stanley aliwataja kwa mpango wao wa kutembea, na kati yao walikuwamo wanawake 36 na wavulana 10. Wavulana wale waliwafuata mama zao wakichukua vyombo vyepesi vya nyumbani. Mtazameni mtoto yule kwa akili zenu: labda ana miaka minane, ana sufuria mkononi, anaondoka Bagamoyo bila kujua kwamba mbele yake kuna bara zima. Walionusurika walirudi Unguja mwishoni mwa mwaka 1877, nao hawakufika nusu ya wale walioondoka.

Mwaka ule ule wa 1874, mwezi wa Februari, Bagamoyo ilikuwa imepokea msafara mwingine. Huu mwaujua, maana hufundishwa shuleni. Ni msafara ulioleta maiti ya Daktari Livingstone. Livingstone alifariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo Zambia siku hizi. Watu wake waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakaufunga kwa nguo na magome ya mti. Wakauchukua kwa miguu zaidi ya maili 1,000, kwa muda wa miezi kama tisa. Viongozi walikuwa Abdullah Susi na James Chuma. Njiani walikutana na Waingereza karibu na Tabora, wakashauriwa wauzike mwili hapo hapo. Walikataa. Baadaye, wakiogopa kwamba wenyeji wa njiani hawatakubali maiti ipite katika nchi yao, waliufunga upya ufanane na mtumba wa nguo, wakapita.

Vitabu vya shule vinataja majina ya Susi na Chuma, na hivyo ni haki. Lakini katika msafara ule walikuwamo wanawake na watoto pia. Alikuwamo Halima, aliyekuwa mpishi wa Livingstone. Alikuwamo Ntaoeka, aliyekuwa mke wa Chuma. Na alikuwamo msichana mmoja mdogo, jina lake Losi. Habari zake zilisimuliwa na Susi na Chuma wenyewe walipofika Uingereza baadaye, zikaandikwa. Losi alikuwa akitembea katika mstari pamoja na wengine, mtungi wa maji kichwani. Nyoka mkubwa alitoka ghafula, akavuka njia, akamwuma pajani, akakimbilia shimoni. Walijaribu kumsaidia. Hazikupita dakika kumi, mtoto akafa.

Nimesoma habari hiyo mara nyingi. Watu wale walikuwa wakimbeba mtu mmoja mkubwa aliyekufa ili akazikwe kwao kwa heshima, katika kanisa kubwa la London, na kweli alizikwa humo tarehe 18 Aprili 1874. Mtoto waliyempoteza alibaki njiani, na jina lake limebaki katika mistari michache tu. Ndiyo maana nawaomba mliandike. Andikeni katika daftari zenu: Losi. L, o, s, i.

Sasa lazima niseme jambo zito, maana tukizungumza juu ya jamaa waliotembea porini, tusiifanye historia kuwa tamu kuliko ilivyokuwa. Wengi walitembea kwa sababu walifungwa minyororo. Njia zilizopitisha pembe zilipitisha pia watumwa, na miongoni mwao walikuwamo mama wenye watoto wachanga. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kukataza watumwa kusafirishwa kwa bahari, na soko la Unguja likafungwa. Je, biashara ilikoma? Haikukoma. Wafanya biashara waliwaondoa watumwa katika majahazi wakawatembeza kwa miguu, kutoka Kilwa kwenda kaskazini kwa njia ya nchi kavu kuelekea Pangani, katika nchi ya nyuma ya pwani yetu. Yaani sheria njema iliongeza mwendo wa miguu ya wale iliokusudia kuwasaidia. Mwaka 1876 Sultani akakataza na misafara ya nchi kavu. Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa wameanza misheni Bagamoyo tangu mwaka 1868, wakiwakomboa watumwa, hasa watoto. Na mwaka 1881 wakafungua misheni ya Mandera, jirani zenu. Kwa hiyo ukiona njia ya zamani, usiseme tu kwamba ilikuwa njia ya biashara. Kuna aliyepita akiimba, na kuna aliyepita akilia, pengine siku moja.

Niwape mfano mmoja zaidi, nao unatoka Saadani kwenyewe. Mwaka 1884 Bibi Annie Hore wa Uingereza alisafiri kutoka Saadani kwenda ziwa Tanganyika pamoja na mumewe, nahodha Edward Hore, na mtoto wao mdogo, Jack. Bibi huyu hakutembea. Alikuwa na kiti cha magurudumu, cha namna ile wanayosukumiwa wagonjwa kwao. Na kwa kuwa njia haikufaa kwa gurudumu, kiti kilifungwa miti kikabebwa na wapagazi kwa zamu, yeye na mtoto ndani. Walifika Ujiji mwanzo wa mwaka 1885. Mwaka 1886 kitabu chake cha safari hiyo kilipigwa chapa.

Sitaki kumcheka Bibi Hore. Kusafiri na mtoto mdogo mwendo wa miezi mitatu katika nchi ya homa kulihitaji moyo. Lakini wanafunzi, angalieni tofauti. Mama mmoja alibebwa pamoja na mtoto wake, na safari yake ikawa kitabu. Maelfu ya mama walibeba watoto wao wenyewe katika njia zile zile, wala hawakuhesabu kuwa ni ajabu, wala hakuna aliyewauliza habari. Hawakujua kuandika, na waliojua kuandika hawakuwa na haja nao.

Miaka michache baadaye pori likawa maficho. Mwaka 1889 Wajerumani waliupiga Saadani kwa mizinga kutoka baharini. Bwana Heri, mkubwa wa mji ule, hakukaa kuwangoja ufukoni. Aliingia porini na watu wake wakajenga boma la miti mahali paitwapo Mlembule. Mapema mwaka 1890 Wajerumani walilitwaa boma lile, lakini Bwana Heri mwenyewe hawakumpata. Katika Aprili mwaka ule alikubali amani, watu wake wakiwa wamechoka na njaa. Mtu apiganaye vita katika pori analolijua kwa miguu yake ana nguvu ambayo mzinga hauna. Ila tumbo tupu halijui njia.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Reli ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Mizigo ikahamia kwenye behewa. Bagamoyo na Saadani zikapoa, na njia za misafara zikabaki njia za wenyeji, za kwenda shamba, kisimani na harusini.

Siku hizi sehemu kubwa ya nchi ile ya Saadani ni Hifadhi ya Taifa, tangu mwaka 2005, na msitu wa Zaraninge umo ndani yake. Basi nisije nikawapoteza: msichukue watoto mkaingia hifadhini wenyewe. Humo mna simba, tembo na nyati, na ni lazima kulipa kiingilio na kufuatana na askari wa wanyama. Wako wazee wanaonung'unika kwamba njia walizopita baba zao zimefungwa. Nawaelewa. Nami pia nimeona palipokatwa miti kwa mkaa nje ya hifadhi, nikajiuliza kama Zaraninge ingekuwapo hata leo bila ulinzi. Sina jibu moja la kuwapa. Lizungumzeni darasani, bila kugombana.

Jambo hili la njia kufungwa si letu peke yetu. Kule Uingereza wana nchi za juu zenye baridi na upepo, hazina miti, zina majani magumu na matope meusi karibu kama yale ya mbuga zetu. Zamani wenye ardhi walizifunga wapate kuwinda ndege. Tarehe 24 Aprili 1932, wafanya kazi wa viwanda vya mji wa Manchester, watu mia kadhaa, waliingia kwa makusudi katika mlima uitwao Kinder Scout, wakipambana na walinzi. Watano walifungwa gerezani. Lakini mwaka 1949 nchi ile ilitunga sheria ya hifadhi za taifa, na mwaka 2000 sheria nyingine iliyowapa watu ruhusa ya kutembea katika nchi za wazi. Leo jamaa huenda huko siku za mapumziko, baba, mama na watoto, na chakula mfukoni. Mzee wangu aliyecheka angeshangaa kuambiwa kwamba watu walikubali kufungwa gerezani kwa ajili ya ruhusa ya kutembea bila shughuli.

Sasa niwaeleze kosa langu. Mwaka mmoja, mwezi wa Julai, nilifika huko kwenu na mke wangu na watoto wetu wawili, mmoja wa miaka minane na mmoja wa sita. Nilitaka tutembee kidogo katika njia za mashamba, nje ya hifadhi, tuone sehemu ya njia ya zamani. Nilikuwa nimekwisha kusoma habari zote nilizowasomea leo. Je, nilizifuata? Sikuzifuata. Tulichelewa kunywa chai, tukaondoka saa tatu. Tulichukua chupa mbili ndogo za maji kwa watu wanne. Mimi nilitangulia mbele kwa furaha, sikuweka mtu mzima nyuma. Kwenye njia panda sikuweka tawi. Mtoto mdogo alibaki akiokota maganda ya ukwaju, akafuata njia nyingine. Hakwenda mbali, tulimsikia akiita, lakini dakika zile nilizikumbuka sana habari za Losi. Ilipofika saa tano maji yalikuwa yamekwisha na mke wangu hakuwa akizungumza nami.

Tulifika kwenye nyumba moja, tukabisha hodi. Bibi mmoja mzee alitupa maji, akatukalisha chini ya mwembe, akatucheka kwa upole. Akauliza, "Baba, ninyi wa mjini hutembea jua likiwa utosini?" Kisha akaanza kuwaonyesha watoto nchi. Pale penye mbuyu, alisema, baba yake alimwambia kwamba wapagazi walikuwa wakitua mizigo. Mahali pale pana jina kwa Kizigua, akalitaja, akaeleza maana yake. Akataja na jina la bonde, na jina la kijito kilichokauka, na mahali ambapo mama wa safari walichimba maji mchangani. Yalikuwa majina saba au manane. Mtoto wangu mkubwa akayarudia moja moja kama wimbo.

Sikuwa na kalamu. Mimi, mtu wa elimu, mwenye stashahada ya chuo kikuu, sikuwa na kalamu wala karatasi. Nikajisemea, nitarudi. Nilirudi baada ya miezi saba, nikaambiwa bibi amefariki baada ya Ramadhani. Mtoto wangu alikuwa akikumbuka jina moja tu, nalo hana hakika nalo. Nimewauliza watu wengine wa pale, wamenipa majina mawili ya sasa, wala hayafanani na yale.

Basi kazi ya juma hili ni hii. Siku moja msiyo na kazi, ondokeni nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, baba, mama na watoto, na bibi au babu kama miguu yake ingali na nguvu. Chagueni njia ya kijiji mnayoijua, isiyoingia hifadhini wala penye habari za tembo. Kila mtu abebe maji yake, na mtoto naye apewe mzigo mdogo, hata kama ni kikombe. Mtu mzima mmoja awe mbele, mwingine awe nyuma ya wote. Penye njia panda, wekeni tawi. Ikifika saa nne muwe mmekwisha kukaa kivulini.

Na safari hii mchukue kalamu. Kila mahali penye jina, mwulizeni mzee jina hilo, na nani alimwambia, kisha mwandike kama mnavyolisikia, kwa Kizigua, Kidoe, Kikwere au Kiswahili. Msiogope makosa ya herufi. Juma lijalo mtamsomea mwalimu majina hayo darasani, na aliye na jina la ule mbuyu wa wapagazi, nitashukuru akiniletea.